Chai Juu ya Bamba Baridi

27 Shaabani

Ami Lakhdar, msimamizi wa zamu yetu, amepita kibandani, tunakoendeshea mashine, na gunia akikusanya madaftari. Ametangaza kwamba kuanzia mwezi mtukufu kamera mpya ndiyo itakayoandika kila kitu, kwa hiyo mtu asiweke tena vipimo vyake vya mkono. Wenzangu wametoa yao. Mimi nimesema langu nimelisahau nyumbani, na wakati huo nilikuwa nimelikalia. Kurasa za mbele zimejaa nguvu za jeki na unene wa mkanda wa chuma, miaka tisa yote. Za nyuma ni tupu. Kiwanda kimesema hakilihitaji, basi nitaandika humo nitakalo.

28 Shaabani

Kamera imefungwa juu ya rola za mwisho. Imekuja pamoja na Injinia Anis Mezhoud kutoka makao makuu ya Aljeri, kijana wa miaka ishirini na minane, shati limenyooshwa pasi hadi kwenye kola. Ametukusanya mbele ya skrini na kutueleza. Kuna mstari wa bluu. Mkanda ukitoka bapa sawasawa, mstari unanyooka. Ukitoka na mawimbi kwenye kingo, au ukilegea katikati, mstari unapinda.

Halafu akaonyesha kazi yangu ya leo. Mimi ndiye ninayekaa kwenye kiti cha rola saba za mwisho: chuma kinaniingilia chekundu, unene wa vidole viwili, kinatoka milimita tatu na urefu wa zaidi ya nusu kilomita, kisha kinakunjwa kuwa koili. Mstari wangu ulikuwa umepanda kidogo katikati.

“Bi Nuara, hapa una kitambi.”

Bujemaa, fundi wa kubadilisha rola, mtu mnene asiyeweza kunyamaza, akasema kitambi ni cha kwake na hakigawi. Watu wakacheka. Mimi nikamweleza injinia kwamba kitambi hicho nakiweka kusudi. Mkanda unapokunjwa, katikati ndiyo yenye moto zaidi, kingo zimeshaanza kupoa. Kwa hiyo baadaye katikati ndiyo itakayosinyaa zaidi. Usipoiachia urefu kidogo, itavuta, na kingo zitabaki ndefu zikunjane kama pindo la gauni lililoshonwa na asiyejua. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mtu anayesimulia ndoto. Kisha akasema maagizo ni mstari unyooke.

29 Shaabani

Siku ya mwisho ya chai. Kila zamu tunakata bamba kutoka kwenye mkia wa koili iliyopoa siku tatu, tunalilaza sakafuni katika banda la sampuli, na mmoja wetu anamwaga juu yake bilauri ya mwisho ya birika. Bamba likiwa zuri, chai inatulia mahali pake. Likiwa bovu, chai inakimbia na kukuonyesha bonde liko wapi. Hakuna kitabu kilichoandika jambo hili. Alinifundisha Ami Lakhdar mwaka wangu wa kwanza, wakati wanaume wengine walikuwa wanainuka na kutoka ninapoingia kibandani. Kwa hilo nampenda mzee yule, na gunia lake sijalifurahia.

Leo chai ilitulia.

1 Ramadhani

Saumu ya saa kumi na sita. Agizo limebandikwa ukutani. Nimepunguza nguvu za jeki zinazopinda rola mpaka kitambi kikaisha. Mstari umenyooka.

2 Ramadhani

Birika la zamu limefungiwa kabatini mpaka Idi, kama kila mwaka. Mstari umenyooka.

4 Ramadhani

Mstari umenyooka. Anis ameupiga picha na kuituma Aljeri.

8 Ramadhani

Upepo wa kusini umeingia. Vumbi jekundu juu ya kila kitu, na maji ya kupozea rola yanafika yakiwa vuguvugu tangu asubuhi. Maji yakishindwa kazi, rola zinavimba katikati, nazo zikivimba zinaubana mkanda katikati kuliko kingoni. Nimepigana na jeki tangu saa moja asubuhi mpaka saa tisa, midomo imekauka, macho kwenye ule mstari. Kila ulipopanda niliushusha. Anis alikuwa nyuma yangu akisema vizuri, vizuri, kama mtu anayemfundisha mtoto kuendesha baiskeli. Nilitamani kumwambia kwamba chuma leo kilikuwa kinaniomba kitambi chenyewe, nami ndiye niliyekuwa nakinyima.

9 Ramadhani

Upepo. Mstari umenyooka.

12 Ramadhani

Siku zangu zimeanza, kwa hiyo sifungi. Katika jumba zima la rola mwanamke ni mimi peke yangu, na hapa hakuna mwanamke anayekula mbele ya watu waliofunga, hata awe na haki ya kula. Mama amenijazia chupa ya chai na kuifunga ndani ya taulo ili isigonge. Chumba changu cha kubadilishia nguo ni stoo ya zamani ya rangi isiyo na komeo. Nikaenda banda la sampuli, maana mwezi huu halina mtu. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikanywa kama mwizi.

Miguuni pangu kulikuwa na bamba lililokatwa jana, maana kukata hatujaacha, ila hakuna anayemwaga. Mkono haukuniuliza. Ulizoea kumwaga, ukamwaga.

Chai haikukaa hata kidogo. Iligawanyika mara mbili ikakimbilia kingoni, kulia na kushoto, ikajikusanya katika vibonde vidogo vidogo, kimoja baada ya kingine, urefu wote wa bamba. Nilipiga magoti nikaweka shavu sakafuni. Mawimbi, unene wa kidole changu cha shahada. Namba iliyoandikwa kwa rangi ilikuwa ya koili ya tarehe nane, ile siku ya vizuri, vizuri.

Nimefuta chai kwa mtandio wangu. Sasa naandika nikinusa mnanaa.

13 Ramadhani

Nimerudia. Mabamba manne ya Ramadhani: chai imekimbia kwenye yote. Bamba moja la Shaabani lililobaki nyuma ya mlango: chai imetulia. Shehena nzima ya koili ishirini na tano inaandaliwa kwa kiwanda cha mitungi ya gesi kule Konstantini, na mtungi hautengenezwi kwa chuma chenye mawimbi. Mashine yao ya kukata itakikataa.

Nimemwendea Ami Lakhdar. Nimemwambia kingo zinakunjana baridi.

“Umepimaje, binti yangu?”

“Nimeona.”

“Njaa hii, kila mtu anaona vitu.”

Akacheka peke yake, kisha akaacha kucheka. Alisema amebakiza miezi miwili astaafu, na hataki kwenda nyumbani na ugomvi wa makao makuu mgongoni. Alisema tusubiri mpaka Idi. Nilikuwa na neno moja tu la kumwambia, chai, naye angeelewa palepale. Sikulisema. Ningelisema ningekuwa nimemwambia na lile jingine.

14 Ramadhani

Nimemwambia Anis. Ameuliza swali lilelile, umepimaje, nami nimejibu jibu lilelile la kijinga. Amegeuza skrini inielekee. Mstari ulikuwa umenyooka, bluu, mzuri. Mimi mwenye miaka arobaini na mmoja, ninayefokea wanaume wenye masharubu wakichelewesha rola, nimeshindwa kutamka mbele ya kijana kwamba nilikunywa chai.

15 Ramadhani

Mstari umenyooka. Nimejichukia siku nzima.

16 Ramadhani

Liwalo na liwe. Koili tatu za mwisho za shehena zilikuwa bado hazijapita. Adhuhuri, Anis alipokwenda kuswali, nikapandisha jeki kama zilivyoandikwa katika kurasa za mbele za daftari hili. Mstari ukapanda katikati. Nikaupenda mpando wake. Kila koili niliuacha umepanda hivyo, kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Bujemaa aliingia kutafuta glavu zake. Akatazama skrini, akanitazama mimi.

“Dada Nuara, kitambi kimerudi.”

“Hujaona kitu.”

Alibaki mlangoni, akanipa mgongo, akaujaza mlango wote mpaka koili ya tatu ikakunjwa. Nilipotoka zamu nikazifuata uwanjani na kuchora kwa chaki bilauri ndogo ubavuni mwa kila moja. Huenda nilifanya utoto. Lakini nilitaka chuma kijue kwamba yuko mtu aliyekitendea haki.

17 Ramadhani

Nimerudi kufunga. Upepo umegeuka, sasa ni unyevu wa baharini. Mstari umenyooka kwa amri.

19 Ramadhani

Shehena imeondoka kwa malori saba.

21 Ramadhani

Kamera haisahau. Anis amekuta koili tatu za tarehe kumi na sita na kuniuliza nani alikuwa kwenye kiti. Nimesema mimi. Ameuliza kwa nini. Nimesema kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Aliandika, hakugomba, na sikujua nimuogope zaidi au kidogo.

24 Ramadhani

Koili zimerudi. Malori yalipanga foleni kuanzia langoni mpaka kwenye msikiti wa mtaa wa wafanyakazi, na watu waliotoka kununua zlabia, vile vitamutamu vya futari, walisimama kutazama. Mkurugenzi wa jumba la rola, Bwana Tahar Sekfali, alishuka ghorofani kwa mara ya kwanza tangu baridi. Waliufungua mkia wa koili ya kwanza sakafuni. Mawimbi yalionekana hata kwa mtu aliyesimama, na hakuna aliyehitaji chai tena.

Alasiri nikaitwa ofisini. Fomu ilikuwa tayari imechapwa. Inasema kwamba mimi, Nuara Belkasmi, nilibadilisha mashine kwa mkono kinyume cha maagizo, na kwamba ubovu wa shehena umetokana na hilo. Nikitia sahihi, nitahamishiwa stoo ya glavu na viatu. Nisipotia, kutakuwa na kikao, na baada ya kikao huenda nisiwe na stoo pia.

Chini palikuwa na nafasi ya shahidi. Lakhdar Hamdane, kwa kalamu yake ya kijani. Wino ulikuwa umeshakauka.

Nimeitazama ile kijani muda mrefu. Mtu huyu aliwahi kumwambia mhandisi mmoja mbele ya watu thelathini kwamba asiyetaka kukaa kibandani na Nuara akakae nje na paka. Leo ameniuza kwa miezi miwili. Imeniuma kuliko fomu yenyewe. Nimemrudishia Sekfali karatasi na kalamu, nikamwambia sisaini uongo, niko tayari kwa kikao. Aliniambia nifikirie. Nilimwambia nimefikiria tangu tarehe kumi na mbili. Hakuelewa.

25 Ramadhani

Supu ya shorba imepoa mbele yangu. Mama ameuliza, nikamwambia yote, mpaka ile ndoo. Nilidhani ataniambia nitie sahihi, watu watasemaje, mwanamke kuyataja hayo mbele ya mabwana. Alikuwa anachambua mnanaa, hakuacha.

“Wote hao wamezaliwa. Wanadhani walitoka wapi?”

Kisha akaniambia nile.

26 Ramadhani

Anis amenikuta kwenye mabomba ya maji, mkononi ana orodha. Shati lake leo halikupigwa pasi. Koili zilizokwenda zilikuwa ishirini na tano. Zilizorudi ni ishirini na mbili. Amekagua namba moja moja. Tatu ambazo Konstantini wamezibakiza na kuzikata mitungi ni zile tatu zilizokuwa na kitambi kwenye skrini yake.

Alisema amerudia mahesabu ya kupoa mara mbili, na kwamba nilimweleza hili siku ya kwanza naye hakunisikia. Alisema hivyo moja kwa moja, bila kuzunguka, na mimi niliyemdharau mwezi mzima nikakosa pa kuweka mikono.

“Lakini watakuuliza, Bi Nuara. Kabla shehena haijaondoka ulijuaje? Wakiona ulibahatisha tu, fomu itasimama.”

Nikamwambia nitajibu kesho.

27 Ramadhani

Naandika taratibu ili nisiache kitu.

Kikao kilikuwa saa nne asubuhi, wanaume sita na mimi. Sekfali mwanzoni mwa meza, pembeni karani wa kuandika, mjumbe wa chama cha wafanyakazi aliyekuwa anasinzia, Bujemaa kama shahidi, Anis, na Ami Lakhdar karibu na dirisha. Feni ilikuwa inazungusha joto lilelile.

Anis alitangulia. Alisoma namba za koili tatu, akaeleza kwa nini mkanda ulionyooka ukiwa na moto unakunjana ukipoa. Alisema agizo la mstari kunyooka lilikuwa lake, na lilikuwa kosa. Karani akasita kuandika. Anis akamtamkia tena, neno kwa neno. Sekfali alisema sawa, lakini mwendeshaji hawezi kubadilisha mashine kwa hisia, kesho kila mtu atakuwa na hisia zake. Akanigeukia.

“Ulijuaje?”

Nilikuwa nimelala na maneno yangu yamepangwa. Yote yakanitoka. Nilisikia feni, nikamwona Ami Lakhdar anatazama viatu vyake, na nikajua kwamba nikisema tena nimeona tu, nitakaa stoo nikihesabu glavu za watu mpaka nizeeke.

“Nilimwaga chai juu ya bamba baridi. Tarehe kumi na mbili.”

Mjumbe wa chama akaamka. Sekfali akaweka kalamu chini.

“Chai? Mchana wa Ramadhani?”

“Mchana. Nilikuwa katika siku zangu, sikufunga. Nilikunywa kwenye banda la sampuli kwa sababu hamjanipa chumba chenye komeo, na iliyobaki nikaimwaga. Ikakimbilia kingoni. Andika.”

Karani alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Alimtazama mkurugenzi.

“Andika,” nikarudia. “Kama unaona haya, nipe kalamu niandike mwenyewe.”

Akaandika.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo, sikuufunga. Nilisema kosa lipo, ila silo lililoko kwenye fomu. Kosa langu ni kwamba nilijua tangu tarehe kumi na mbili, nikasema kwa mdomo nusu kwa sababu niliona aibu, na shehena ikaondoka. Hilo waandike, nitalitia sahihi. Na kosa letu sote ni kwamba tulilifungisha saumu hata bamba. Miaka yote birika likiingia kabatini hatupimi, na miaka yote tuliponea kwa sababu jeki hazikubadilika. Mwaka huu zilibadilika, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kutazama.

Anis aliuliza, kwa kutaka kujua tu, kwa nini hatukumwaga maji. Maji hayana Ramadhani, yako kila pembe ya jumba lile, yanatiririka mchana na usiku.

Bujemaa alikuna kichwa. Nimefanya kazi hii miaka tisa na sikuwahi kufikiria maji. Bilauri ya mwisho ya birika ndiyo iliyokuwa kipimo, na birika likilala, kipimo kililala.

Ndipo Ami Lakhdar akasema, bila kuinua macho. “Chai nilimfundisha mimi. Kama alimwaga, basi aliona.” Akaomba fomu, akalikata jina lake kwa mstari. Kalamu ilikuwa ileile ya kijani.

Nilimsikia. Nilishukuru kwamba amesema. Bado sijamsamehe, na sitajidanganya kwenye daftari langu mwenyewe kwamba nimemsamehe.

Uamuzi: nabaki kwenye kiti changu. Jeki zinarudi kama zilivyokuwa Shaabani. Napewa barua ya onyo kwa zile koili tatu, kwa sababu agizo ni agizo hata likiwa bovu. Chini ya barua nimeandika: nimepokea, sikubali. Sekfali akasema hakuna nafasi ya maoni pale. Nikamwonyesha kwamba imetosha.

28 Ramadhani

Wawili wa zamu ya pili wamenikwepa macho ngazini. Mmoja amenisalimia mara mbili. Mstari umepanda katikati, mahali pake.

30 Ramadhani

Fundi amekuja kuweka komeo kwenye stoo ya rangi. Hakuna aliyesema ametumwa na nani.

1 Shawali

Idi. Mama amevaa gauni la kijani. Nimelala mpaka saa tatu.

4 Shawali

Leo tumerudi kazini. Birika limetoka kabatini, limesuguliwa, na jumba zima linanuka mnanaa. Watu wanakunywa kwa fujo kama waliotoka jangwani.

Koili za kwanza za jeki zangu zimeshapoa. Saa sita tukaenda banda la sampuli, zamu nzima, hata Ami Lakhdar aliyesimama nyuma karibu na mlango, hata Anis na bilauri yake anayoishika kwa ncha za vidole maana imemuunguza. Bamba lilikuwa limelazwa. Ukutani kumebandikwa agizo jipya: kupima kwa maji, kila zamu, miezi kumi na miwili. Bujemaa alilisoma kwa sauti, akasema maji yatatumika Ramadhani ijayo, leo ni siku ya chai yenyewe. Akajaza bilauri moja, ya moto, yenye povu, akanipa mimi kwanza. Nilikataa kwa mkono.

“Imekosa sukari?”

“Nimefunga. Nalipa siku zangu tano.”

Mwaka jana ningesema tumbo linauma. Kisha Bujemaa akaichukua bilauri yake mwenyewe, akaiweka chini bila kuimaliza. Anis akaweka ya kwake. Wengine wawili pia. Ami Lakhdar alikuwa hana kitu mkononi.

“Basi mwaga wewe,” Bujemaa akasema.

Niliichukua ile chai nisiyoweza kuinywa, nikapiga magoti mbele yao wote, nikaimwaga katikati ya bamba. Sote tukainama kutazama.

Haikwenda popote.